Taa ya lumeni 2400 iliyoshindwa kuonyesha tawi: uchambuzi wa kisa kimoja

Shemeji yangu alianguka saa nne na nusu hivi usiku, kwenye mteremko wa changarawe, zikiwa zimebaki kilomita mbili afike kwake. Tawi kavu la unene wa mkono lilikuwa limelala barabarani, naye alilivaa hata breki hajagusa. Kifundo cha mkono kilivimba, goti likachubuka, rimu ya mbele ikapinda. Kilichomuuma zaidi ni kwamba taa ilikuwa inawaka, tena kwa ukali, na boksi lake limeandikwa lumeni 2400, kipimo cha wingi wa mwanga.

Aliponipigia simu asubuhi yake alikuwa ameshakata shauri.

"Shemeji, nitafutie kitu cha lumeni 4000. Hii imeniangusha."

Nikamwomba asinunue chochote kwanza mpaka nione hiyo iliyomwangusha. Nimeshika spana miaka mingi, na nimeona mara nyingi mtu aliyeanguka gizani akikimbilia kununua namba kubwa kuliko ile ya mwanzo. Mara nyingi namba haikuwa na kosa.

Safari yenyewe ni hivi. Anatoka kazini saa nne usiku, anaendesha kilomita 14. Tisa za kwanza ni lami nyembamba isiyo na taa hata moja, magari machache lakini ya kasi. Tano za mwisho ni changarawe yenye mashimo, na katikati yake kuna mteremko unaoishia kwenye kalavati na kona. Kwenye lami huenda kama kilomita 25 kwa saa. Kwenye mteremko, kwa kuwa amechoka na anaijua njia, huachia hadi 35 au 36. Jumla ni dakika 40 na ushei, siku tano kwa wiki.

Niliikuta baiskeli imeegemezwa ukutani vile vile ilivyorudi, matope yamekauka juu yake. Taa ilikuwa imefungwa katikati ya usukani kwa mpira wa kunyoosha. Niliigusa pua kwa kidole kimoja tu ikazunguka na kutazama chini. Nikaizungusha kidogo upande wa pili, nikaachia, nikatikisa usukani mara tatu kama vile tairi limepita kwenye mawe. Ikainama tena. Basi kila akiingia kwenye changarawe taa ilikuwa inasinzia polepole, na yeye hajui.

Lakini hata kabla ya kusinzia ilikuwa imeelekezwa chini mno. Nilipoiwasha ndani ya banda lenye giza, kitovu cha mwanga kiliangukia kama mita tano mbele ya tairi: duara jeupe kabisa, hata kulitazama kunaumiza macho. Nikamuuliza kwa nini ameiinamisha hivyo.

"Madereva, shemeji. Kila gari likija linanimulika. Mmoja alisimama akanitukana. Nikaishusha."

Jibu hilo lilinipa nusu ya kisa. Taa yake ni ya mwanga wa mviringo, kama tochi ya mkononi: inamwaga juu sawa na inavyomwaga chini. Sehemu inayokwenda juu haionyeshi barabara, inaingia machoni mwa anayekuja. Mwenye taa kama hiyo ana njia mbili tu. Aiache ielekee mbele awapofushe wenzake, ambao ndio wanaotakiwa kumkwepa, au aiinamishe na akose kuona mbali. Shemeji, kwa uungwana wake, alichagua ya pili.

Kuna madhara mengine ya duara lile jeupe. Jicho hujipima kwa kitu king'avu zaidi kilicho mbele yake. Ukiliwekea bango jeupe mita tano mbele, mboni hubana, na kile chenye mwanga hafifu mita 30 mbele huzama gizani. Mwendeshaji huhisi ana mwanga mwingi kwa sababu kweli upo mwingi, pale chini ya miguu yake. Na jicho likishabanwa haliachii upesi: kuzoea giza kikamilifu huchukua kati ya dakika 20 na 30. Yeye alikuwa anajibana mwenyewe safari nzima.

Nikafungua kifurushi cha betri. Ndani mlikuwa na seli mbili za aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18, urefu 65. Kila moja imechapishwa 9900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, kwa herufi za dhahabu. Seli nzuri za ukubwa huo ambazo mtu huzipata kwa kawaida huishia karibu 3500. Niliziweka kwenye mizani ndogo ya jikoni: gramu 31 na gramu 32. Seli ya 18650 iliyojaa kama inavyotakiwa huwa na gramu 45 hadi 50. Mizani haikuambii uwezo kamili, lakini seli nyepesi kiasi hicho ina kitu kidogo ndani, na mwenye kuthubutu kuchapisha 9900 juu yake angeweza kuchapisha 2400 kwenye boksi kwa mkono ule ule.

Sikuwa na kifaa cha kupimia lumeni, kwa hiyo sitasema taa ilitoa ngapi hasa. Hesabu ya umeme inatosha. LED ikishawekwa kwenye taa, pamoja na kinachopotea kwenye lenzi na saketi, hutoa kwa kukadiria lumeni 100 hadi 120 kwa kila wati. Lumeni 2400 zingehitaji wati 20 na zaidi. Seli mbili nzima, za 3500 mAh na volti 3.6, zina jumla ya wati-saa 25. Kwa hiyo hata zingekuwa seli za kweli, taa hiyo ingeishi saa moja na dakika chache kwa nguvu zake zote. Kwa hizi nyepesi, nguvu ilikuwa inashuka kabla hajamaliza lami. Alikiri kwamba mwanga "hubadilika rangi kidogo" akifika changarawe. Ulikuwa unafifia, ila kidogo kidogo, na jicho halijui kuhesabu kinachopungua hivyo.

Jioni ile tulikwenda kwenye kipande cha barabara tambarare kisichopitiwa na magari. Nilichukua tyubu kuukuu nyeusi, nikaikunja, nikailaza barabarani. Yeye akasimama na baiskeli, taa ikiwa imeelekezwa kama alivyozoea. Nikawa naisogeza tyubu mbali hatua kwa hatua mpaka aseme haioni. Hatua 15. Kisha tukainua taa ili kitovu chake kiende mbele zaidi, tukarudia. Hatua 30 bado aliiona, kwa taabu. Halafu nikatembea kumwelekea kama dereva anayekuja. Kwa hatua zote hizo sikuona baiskeli, sikumwona mtu, wala sikuona ukingo wa barabara nilipopaswa kukanyaga. Niliona jua dogo.

Sasa hesabu iliyomgeuza mawazo. Nilimchorea chini kwa kijiti.

Akiwa mteremkoni kwa kilomita 36 kwa saa, anakwenda mita 10 kila sekunde. Tangu jicho lione kitu hadi vidole vikamate breki, usiku, mtu aliyechoka, nimeweka sekunde moja na nusu: mita 15 zimeshaliwa bila breki yoyote. Kwenye changarawe huwezi kubana breki kama kwenye lami kavu, tairi la mbele litakimbia. Nikichukua upunguaji wa mwendo wa mita 2.5 kwa sekunde kila sekunde, breki zinakula mita 20 nyingine. Jumla 35. Kwenye lami kavu kwa kilomita 25 kwa saa, hesabu hiyo hiyo na breki bora inatoa kama mita 17. Taa yake ilimwonyesha kitu cheusi hatua 15 mbele, yaani pungufu kidogo ya mita 12. Hata kwenye lami alikuwa anaendesha kwa kudra. Mteremkoni, tawi lilikuwa limeshamkamata kabla halijaonekana.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri: "Sasa taa ya kuona mita 35 nitaijuaje dukani? Zote zimeandikwa mita 200."

Hapo ndipo lumeni zinapomwacha mtu njiani. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, uende mbinguni au ardhini. Kinachoonyesha tawi ni luksi, yaani mwanga unaofika pale tawi lilipo. Na luksi hupotea haraka: umbali ukiwa mara mbili, hubaki robo, ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Taa inayotoa luksi 80 kwenye mita 10 hubakiwa na kama sita na nusu kwenye mita 35, na zaidi kidogo ya tatu kwenye mita 50.

Zile "mita 200" za kwenye boksi zina maana yake pia. Watengenezaji wengi wa tochi hufuata kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI FL 1, kilichotoka mwaka 2009. Humo, umbali huhesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki luksi 0.25, karibu sawa na mbalamwezi usiku wa mwezi mpevu usio na mawingu. Kwa mbalamwezi utajua kuna mti. Shimo hutaliona ukiwa kwenye mwendo. Mimi nataka walau luksi mbili pale ninapotakiwa kuwa nimeshaona kitu. Kutoka 0.25 hadi 2.25 ni mara tisa, na kipeuo cha pili cha tisa ni tatu, kwa hiyo kanuni yangu ya dukani ni kugawanya umbali wa boksi kwa tatu. Shemeji anayehitaji 35, na mimi nikaongeza ziwe 45 kwa usalama, atafute taa ya mita 135 kwenda juu, kutoka kwa mtengenezaji anayetaja kiwango alichopimia. Boksi lisilotaja kiwango chochote, namba zake zichukulie kama maua ya kupambia.

Kiwango hicho hicho kinapima muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 tu ya ulivyokuwa sekunde 30 baada ya kuwashwa. Kwa hiyo "saa tano" inaweza kuwa saa moja ya mwanga na nne za kibatari. Tafuta mchoro unaoonyesha mwanga unavyoshuka saa hadi saa, watengenezaji wazuri huutoa.

Kuna jambo moja ambalo namba za boksi hazilisemi. Luksi hupimwa kwenye ubao uliosimama wima kuikabili taa. Barabara imelala. Taa iliyo mita moja juu ya ardhi ikimulika mita 35 mbele, mwanga unaikwaruza barabara kwa pembe nyembamba mno, na kila mita ya mraba ya ardhi inapata takriban sehemu moja ya 35 ya kile ambacho ubao wima ungepata. Ndiyo maana nguzo huonekana mapema na shimo huchelewa. Shimo hulioni lenyewe, unaona kivuli cha ukingo wake. Na hii ndiyo sababu ya kuiweka taa kuu kwenye usukani badala ya kichwani: taa iliyo chini kuliko macho hutupa vivuli ambavyo macho huviona kutoka juu. Taa ya kichwani imekaa karibu na macho, kila kivuli hujificha nyuma ya kitu chake, na changarawe yote huonekana kama mkeka.

Tulipofika kwenye kuchagua, mjadala ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Aliacha mwenyewe zile za lumeni 4000. Kilichobaki kilikuwa mviringo au mwanga uliokatwa juu. Taa za mwanga uliokatwa zina lenzi au kioo kinachoukunja mwanga chini ya mstari ulionyooka, kama taa za gari zikiwa zimeshushwa. Ujerumani inazilazimisha kupitia kanuni zake za barabarani, StVZO: taa ya mbele ya baiskeli lazima itoe walau luksi 10 kwenye mita 10 na isipofushe juu ya mstari. (Kanuni hizo hizo, hadi mwaka 2013, zilidai baiskeli nyingi ziwe na dainamo. Mwenye taa nzuri ya betri alikuwa mvunja sheria.) Luksi 10 ni kima cha chini, hazimtoshi mtu anayeshuka kwa 36. Za 80 na kuendelea zinatosha, na mara nyingi taa hizo hazizidi lumeni 500. Hapo shemeji alicheka: tumetoka kutafuta 4000, tunarudi na 500.

Nilimtajia dainamo ya kwenye kitovu cha gurudumu, kwa sababu kwa mtu wa siku tano kwa wiki ndiyo ningeitumia mimi. Hutoa wati tatu kwa volti sita ukifika mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa, na hutaamka siku umesahau kuchaji. Ila inataka gurudumu la mbele lisukwe upya, na mwanga hulegea ukipanda kilima polepole. Alisema labda mwakani. Sikumbishia, ingawa rimu yake ilikuwa imepinda tayari na gurudumu lilikuwa linasukwa vyovyote vile.

Alichochukua ni taa ya betri iliyokatwa juu, luksi 80, yenye kitufe cha kwenye usukani cha kufungua mwanga wa juu pale barabara inapokuwa tupu. Ndani ina seli ya 21700 ya 5000 mAh, wati-saa 18. Kwa wati tano hivi, inampa zaidi ya saa tatu, na safari yake ni dakika 40. Ziada hiyo si anasa. Seli huzeeka, baridi hupunguza uwezo wake, na ipo siku atasahau kuchaji. Kuhusu maji tulihakikisha ni IPX6, alama ya kuhimili maji yanayorushwa kwa nguvu, na kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kinakaa sawasawa, basi. Mtindo wa kuwaka na kuzima nilimwambia asahau kwamba upo: kwenye giza tupu dereva hawezi kukadiria umbali wa kitu kinachomezwa na giza kila nusu sekunde.

Aliulizia rangi, maana karibu na kalavati hushuka ukungu na ameambiwa njano inapenya. Haipenyi. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, hutawanya rangi zote karibu sawa. Kinachosaidia ni mwanga kutopita mbele ya macho, na hapo mkato wa juu unafanya kazi yake tena. Mimi napenda nyeupe isiyo ya bluu kwa sababu changarawe nyekundu huonekana vizuri, lakini hayo ni mapenzi yangu.

Kufunga taa kulichukua muda kuliko kuichagua. Kibano cha skrubu badala ya mpira, kwa kipenyo kinachofanana na usukani wake, milimita 31.8. Tukaishusha chini ya usukani, mbele ya nyaya za breki, maana ile ya zamani ilikuwa inamulika nyaya na kutupa mistari miwili myeusi barabarani ambayo alikuwa ameizoea hata haioni. Kisha tukaegesha baiskeli mita 10 kutoka ukutani, naye akiwa ameikalia, kwa sababu uzito wa mtu hubadilisha mlalo. Nikapiga chaki ukutani kwa kimo cha taa, sentimita 98, na chaki nyingine sentimita 12 chini yake. Mstari wa juu wa mwanga ukaletwa kwenye chaki ya pili. Mwanga unaoshuka sentimita 12 kwa kila mita 10 hugusa ardhi kama mita 80 mbele: mbali vya kutosha kwake, na chini ya macho ya dereva.

Tukarudi kwenye tyubu. Hatua 15 za mwanzo zikawa 48. Nilipotembea kumwelekea niliona miguu yake, tairi, na ukingo wa barabara upande wangu. Wiki ya kwanza alinitumia ujumbe kuwa kuna dereva amemmulika mara moja. Nikamuuliza kama alikuwa ameacha mwanga wa juu wazi. Hakujibu mpaka kesho yake.

Kona ya kalavati ndiyo haijatatuliwa. Taa ya usukani hufuata gurudumu, na gurudumu halijageuka bado wakati macho yanataka kuona upande wa pili. Kwa hiyo mteremko wote, hata kwa luksi 80, kipande cha mwisho ni cheusi. Nimemshauri aongeze kitaa kidogo cha kwenye helmeti, hafifu, cha kuwashwa pale tu. Yeye anasema heri apunguze mwendo. Sasa hushika breki akifika kwenye mti mkavu wa kushoto, ule ule uliodondosha tawi, na kuingia konani kwa 18.